Kioo cha Mama Taa

Maabara ilikuwa chini ya ngazi, chumba kisicho na dirisha, na kila aliyeingia mara ya kwanza alidhani amepotea akaingia stoo. Kuta zilipakwa rangi nyeusi. Mlangoni lilining'inia pazia jeusi zito lililoshika vumbi la miaka, na katikati ilikaa meza ya chuma iliyojaa vioo vidogo, nguzo fupi na skrubu zisizohesabika. Neno la kwanza la profesa wa chumba hicho kila asubuhi lilikuwa, "Zimeni taa." Wanafunzi, ambao hawakosi jina la kumpa mtu, wakamwita Mama Taa, na jina likamganda hata walinzi wa getini wakamwamkia kwalo.

Mama Taa alikuwa na miaka hamsini na sita na alijulikana kwa kitu kimoja. Miaka kumi na tisa nyuma, akisomea udaktari ughaibuni, aliyeyusha kioo chenye chembe za madini, akakipiga kwa mwali wa leza ya kijani, na kioo kikajibu kwa mwanga ambao jicho la mtu halioni, uliosimama kwenye namba elfu moja mia mbili na ishirini ya kipimo cha mawimbi ya mwanga. Hakuna kioo kingine kilichojulikana kung'aa mahali hapo kwa nguvu namna ile. Wale waliokuwa wakihangaika kusafirisha sauti na picha za watu mbali zaidi ndani ya nyuzi za kioo walitega masikio. Akaandika makala ya kurasa nne. Kurasa hizo nne zilimpa kazi aliporudi nyumbani, zikamjengea maabara, zikampandisha ngazi moja baada ya nyingine, zikampeleka kwenye mikutano ya nchi ambazo hata kwenye ramani ya shule hakuwahi kuzitafuta. Sasa alikuwa akingoja barua ya mwisho, ile ya uprofesa kamili. Watathmini wawili wa nje walikwisha kuandika maoni yao, na wote wawili walikisifu kioo.

Kilichokuwa kikimsumbua ni kioo kukataa kuzaa kingine.

Kazi ya kukizalisha upya alimpa mwanafunzi wake wa udaktari, binti wa miaka thelathini na moja, mwembamba, mwepesi wa mikono, asiyejua kukaa bure. Wenzake walimwita Sisimizi. Kwa miaka minne Sisimizi alikuwa akipima unga, akichanganya, akiyeyusha ndani ya chungu kwenye tanuri, akimimina, akisugua mpaka kioo kikawa laini kama ukucha, kisha akikipeleka kwenye meza nyeusi kukipima. Vioo vyake alivipanga kwenye trei za mayai, kila kimoja na namba yake. Hakuna hata kimoja kilichowahi kung'aa kwenye elfu moja mia mbili na ishirini.

"Hiki ni cha ngapi?" Mama Taa aliuliza Jumanne ile asubuhi.

"Cha themanini na saba, Mama."

"Kimesemaje?"

"Kimenyamaza, Mama."

Fundi wa maabara, mzee wa kipara aliyekuwa akikaza skrubu chini ya meza, akatoa kichwa. "Vioo vya siku hizi vina adabu. Vya zamani vilikuwa vinasema hata visipoulizwa."

"Fundi, nyamaza na wewe uwe kioo," Mama Taa akamjibu, na wote wawili wakacheka. Sisimizi hakucheka. "Kioo hakinyamazi chenyewe, binti yangu. Kinanyamazishwa. Chungu ulikisafisha?"

"Mara tatu, Mama."

"Basi safisha mara ya nne. Nisikilize, sikusemi kwa ubaya. Kuna watu wana mkono wa kupika na kuna watu wana mkono wa kuunguza. Wewe wako ni wa kuunguza. Kubali, ndipo utajifunza."

"Ndiyo, Mama."

"Na Alhamisi ndiyo kamati. Utawapelekea nini? Trei za mayai?"

Sisimizi alitazama vidole vyake. Kanuni ya chuo ilijulikana: mwanafunzi wa udaktari asiyekuwa na matokeo ifikapo mwisho wa mwaka wa nne huitwa mbele ya kamati, na asipokuwa na sababu ya maana huondolewa masomoni. Hakuna rufaa.

Msomaji asije akamdhania Mama Taa kuwa mtu wa roho mbaya. Alimpenda yule binti. Alimletea dawa alipougua kifua, alimpa koti lake la baridi kwa ajili ya chumba kile, na akizungumza na wageni alimwita "mwanangu." Aliamini tu kwamba mtu hunolewa kama kisu, na kisu hakinolewi kwa pamba.

Saa nane mchana Sisimizi alikwenda ofisi ya masjala kuchukua fomu za kamati, na Fundi akaenda kula. Mama Taa akabaki peke yake, akaona heri afanye jambo moja la kumsaidia. Angekipima kioo chake mwenyewe, kile cha asili, achapishe mchoro wake, amwekee mezani, na kusema: tazama, hivi ndivyo inavyotakiwa. Kilikuwa kabatini, kimelala kwenye pamba ndani ya kiboksi cha pete. Miaka kumi na tisa hakuwa amekipima. Picha ya harusi hutazamwa, nani huipima?

Alizima taa, akakifunga kioo mahali pake, akawasha leza. Kioo kikawaka rangi ya machungwa iliyokolea, kama kaa la moto lililopulizwa, kwa sababu kioo hicho kilitoa pia mwanga wa kawaida unaoonekana, kwenye mia sita na kumi. Huo haukuwa na maana kwa mtu. Vioo vingi hufanya hivyo, na vya Sisimizi vyote vilifanya hivyo. Akageukia kompyuta kuungoja ule mwingine, ule wa heshima.

Mstari ulikwenda ukiwa bapa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Akapangusa kioo kwa spiriti. Bapa. Akaongeza nguvu ya leza. Bapa. Akasogeza lenzi kidogo kulia, kidogo kushoto, akashika pumzi. Bapa kama sakafu.

"Huyu binti ameniharibia mashine," alisema kwa sauti, na akafungua kisanduku cha mbele cha mashine ya kupimia mwanga kutafuta uharibifu. Ndani yake, kwenye tundu lake, kilisimama kichujio: kipande cha mraba cha kioo cheusi kinachozuia mwanga wote unaoonekana na kuupitisha ule usioonekana peke yake. Akakichomoa akifute, huku mashine ikiendelea kupima.

Kwenye kompyuta, mlima ukaanza kupanda.

Ulipanda taratibu, ukatengeneza kilele kizuri cha mviringo, ukashuka. Elfu moja mia mbili na ishirini. Ni ule ule. Angeuchora akiwa amefumba macho. Na kichujio kilikuwa bado kati ya vidole vyake viwili.

Mama Taa hakukaa chini, kwa sababu nyuma yake hapakuwa na kiti. Alielewa kabla hajataka kuelewa. Mashine inayopasua mwanga kuwa rangi zake ina ulaghai mmoja, na kila mwanafunzi wa mwaka wa pili hufundishwa: rangi iliyo kwenye namba fulani hujitokeza tena, kama mzuka, kwenye namba iliyo maradufu. Mia sita na kumi, mara mbili, ni elfu moja mia mbili na ishirini. Mwanga usioonekana haukuwahi kuwepo. Ulikuwa ni ule ule wa machungwa, unapita mara ya pili mbele ya mlango uliokosa mlinzi. Kichujio ndiye mlinzi.

Alitoa daftari lake la ughaibuni, karatasi zake zimekuwa za njano. Kulikuwa na safu ya joto la tanuri, safu ya nguvu ya leza, safu ya upana wa tundu, hata ya hali ya hewa. Safu ya kichujio haikuwepo. Akakumbuka kwamba mashine ile ilikuwa ya kuazima, kwa alasiri moja, siku nne kabla ya ndege yake kuondoka, na mwenye mashine alikuwa mtu wa kugawa vitu vyake kwa majirani, pengine hata kichujio. Hakufungua kisanduku. Aliuona mlima, akalia kwa furaha, akakumbatia mtu asiyemjua kwenye korido.

Basi akajaribu jambo la mwisho, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi. Alichukua kifuniko chekundu cha kalamu ya kuandikia ubaoni, akakifunga mahali pa kioo, akawasha leza. Plastiki ikawaka wekundu wake, na kwenye kompyuta mlima ukapanda, umesogea kidogo upande wa kulia. Kifuniko cha kalamu kilikuwa kimevumbua alichovumbua yeye.

Watu zaidi ya mia mbili walikuwa wameitaja makala yake katika makala zao. Kati yao watatu tu ndio waliowahi kuandika kwamba walijaribu kupika kioo kile wakashindwa, na wote watatu walizilaumu tanuri zao.

Daftari la Sisimizi lilikuwa pembeni ya kompyuta. Alilifungua kwa nia ya kutafuta tu alipoanza kuweka kichujio. Mwandiko ulikuwa mdogo na safi. Mwezi wa tatu, tarehe kumi na nne, alisoma hivi: *Nimetoa kichujio. Mlima umetokea 1220. Nimeweka mfuniko mwekundu wa chupa ya maji badala ya kioo. Mlima umetokea tena. Nadhani ni mwanga wa 610 unaorudi mara ya pili. Saa tano nimemweleza Profesa. Amesema nirudishe kichujio na nioshe chungu.*

Hakukumbuka. Alisimama na daftari mikononi, akasaka kichwani kama mtu anayesaka ufunguo mfukoni. Kisha ikaja, si yote kwa mara moja. Korido ya ghorofa ya pili. Yeye amebeba rundo la mitihani, walimu wawili wako naye, na binti anamfuata nyuma kwa hatua za haraka. "Mama, naona kama mwanga unajirudia..." Na yeye, bila kusimama: "Mwanangu, huo wimbo niliufundisha darasani wewe ukiwa bado unanyonya. Kaoshe chungu." Walimu walicheka sana. Alikuwa amejisikia mtu mwenye ulimi mtamu.

Nyumbani jioni ile mumewe, mpima ardhi mstaafu, alikuwa jikoni akimenya viazi na redio imewashwa kwa sauti ya chini. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kumenya.

"Nani anajua?" aliuliza.

"Mimi. Na yeye."

"Yeye anajuaje?"

"Aliniambia mwezi wa tatu."

"Ukamwambiaje?"

Mama Taa aliinama akaokota ganda la kiazi sakafuni.

"Basi hajui," mumewe akasema, akiosha kiazi. "Mtu akishaambiwa hujui mara mia, hajui tena. Mke wangu, sikufundishi kazi yako. Nakuuliza swali la mpima. Barua yako inatoka lini?"

"Mwisho wa mwezi, wanasema."

"Na huyu mtoto ana miaka thelathini na moja. Atapata chuo kingine, atapata kazi, ataolewa, atasahau. Wewe una miaka mingapi ya kuanza upya?"

"Alhamisi wanamfukuza."

"Wanamfukuza kwa kanuni, siyo kwa mkono wako."

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake wa mwisho, mwenye sauti ya kupasua mabati. "Dada! Nakuuliza tu, joho lao la profesa kamili ni jekundu au la buluu? Maana nimeona kitambaa hapa, na sitaki siku hiyo tufanane na kwaya!"

"Subiri kwanza," Mama Taa alisema. "Bado."

"Bado nini? Mji mzima unajua!"

Alikata simu, na viazi vilipoiva akala viwili.

Jumatano alikwenda kazini akiwa amepanga sentensi yake. Akaibeba kwenye ngazi, akaifikisha mlangoni pa maabara, akafunua pazia, na hapo Sisimizi akageuka akiwa na macho mekundu ya mtu aliyekesha na tanuri. Mkononi alikuwa na kioo kipya, bado kina joto.

"Cha themanini na nane, Mama. Nimeosha chungu mara ya nne, kama ulivyosema. Nimebadilisha na glavu. Bado kimenyamaza."

Sentensi ilikuwa mdomoni. Mama Taa aliihisi kabisa, kama punje ya mchele iliyokwama. Alikitazama kioo, hakikuwa na povu wala mkwaruzo, kilikuwa kizuri kuliko chake.

"Kioo kizuri," alisema.

Binti akarudi nyuma hatua moja. Miaka minne hakuwa amesikia neno hilo, na alilipokea kama mgonjwa anayeona daktari ameanza kumchekea. "Imeshaamuliwa, siyo?" aliuliza polepole. "Ndiyo maana unanisifia."

"Hapana. Nenda kalale. Tutaongea."

Hawakuongea. Mama Taa alijifungia ofisini akasahihisha mitihani ambayo haikuwa na haraka.

Kamati ilikaa Alhamisi saa nne, kwenye chumba chenye meza ndefu na viti vyenye magurudumu. Wajumbe walikuwa watatu: mkuu wa idara, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole na kalamu nyekundu mfukoni mwa shati, mama mmoja wa idara ya kemia aliyevaa miwani kwenye mnyororo, na karani wa masjala aliyeandika kila kitu. Mama Taa alikaa upande wa pili kama msimamizi, na Sisimizi mwishoni peke yake.

"Binti, tueleze," mkuu alisema. "Miaka minne. Tatizo nini?"

Sisimizi alisimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame. "Nimeshindwa kupata matokeo ya Profesa. Nimejaribu vioo themanini na nane."

"Sababu?"

"Ni mimi."

"Wewe kivipi?" Mkemia aliuliza. "Tanuri? Malighafi? Umeandika hapa kila kitu kiko sawa."

"Kila kitu kiko sawa, mama. Ni mkono wangu. Kuna watu wana mkono wa kupika na kuna watu wana mkono wa kuunguza." Alisema kwa utulivu, kama anayetaja kundi lake la damu. "Wangu ni wa kuunguza."

Karani aliinua kichwa. "Niandike hivyo?"

"Andika," Sisimizi alisema.

Mama Taa alisikia maneno yake yakitoka kwenye kinywa kile chembamba, hayakuwa na hasira wala dhihaka ndani yake, na hilo ndilo lililomshinda. Angelaaniwa, angenyamaza. Angetazamwa kwa jicho baya, pengine angenyamaza. Alisimama, kiti kikaserereka nyuma yake kikagonga ukuta.

"Futa," alimwambia karani. "Mkono wake hauna neno. Matokeo yangu ndiyo hayapo. Nilipima bila kichujio. Miaka kumi na tisa."

Karani alishikilia kalamu hewani. Kisha mkuu wa idara akatabasamu kwa huruma, na Mama Taa akaona kwamba hakuaminiwa.

"Profesa," mkuu alisema, "sisi sote tunajua unavyompenda huyu binti. Lakini kumtetea mtoto kwa kujichinja mwenyewe, hapana. Kaa tu, dada yangu. Kunywa maji."

"Simtetei mtu. Nasema kilichotokea."

"Kioo kile kinajulikana dunia nzima," Mkemia akaongeza taratibu. "Ungekuwa umekosea, mtu angeshaona."

"Mtu ameona. Huyu hapa."

Wote wakamgeukia Sisimizi. Binti alitikisa kichwa, machozi yakimlengalenga. "Mama, tafadhali, usifanye hivyo. Mimi nimeshakubali. Usijiharibie kwa ajili yangu."

"Uliandika mwenyewe. Tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu."

"Nilikosea siku ile. Wewe ndiye uliyeniambia."

Hapo Mama Taa akaelewa ni kitu gani hasa alikuwa amekivunja, na kwamba hakikuwa makala. "Twendeni chini," alisema.

"Kamati haihamihami," mkuu alipinga.

"Leo itahama. La sivyo natoka hapa naandika barua kwa jarida kabla hamjafika getini."

Walishuka ngazi kwa mstari, kama waombolezaji, karani nyuma kabisa na daftari lake. Fundi aliwafungulia, akataka kutania, akaziona nyuso zao, akameza utani wake. Mama Taa akazima taa. Alianza na kioo chake kikiwa na kichujio: mstari bapa. Akachomoa kichujio: mlima. Mkuu akasema labda kichujio ndicho kibovu. Mama Taa akanyoosha mkono.

"Nipe kifuniko cha kalamu yako."

"Yangu ya nini?"

"Nipe tu."

Wekundu ulipowaka na mlima kupanda kwenye kompyuta, sauti pekee ndani ya chumba ilikuwa ya feni ya leza. Mkemia alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. "Maskini," alisema, na haikujulikana anamsema nani.

"Zima," mkuu alisema. Taa ilipowashwa, uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa uso wa mtu anayepiga hesabu za nyumba inayoungua. "Nani mwingine anajua?"

"Sisi tuliomo humu."

"Basi tutulie. Karani, acha kuandika. Huyu binti tutampa mwaka mmoja na mada mpya. Sababu: mashine ilikuwa na hitilafu. Hakuna uongo hapo. Na wewe, Profesa, barua yako inatoka mwisho wa mwezi. Ikishatoka, andika masahihisho yako kwa nafasi, taratibu. Wiki tatu. Kosa lililokaa miaka kumi na tisa halitaoza kwa wiki tatu."

Ilikuwa njia nzuri. Mama Taa aliiona imetandikwa mbele yake, laini, kila mmoja akipona. Alimgeukia Sisimizi.

Sisimizi alikuwa bado anautazama mlima. Alisogea karibu, akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, kwenye kilele, kama mtu anayegusa shavu la mfu kuhakikisha.

"Nilikuambia mwezi wa tatu," alisema.

"Uliniambia."

"Nilikuambia, Mama. Saa tano asubuhi. Walimu wakacheka."

"Najua. Nimekumbuka juzi."

"Juzi." Binti alilirudia neno hilo polepole. "Jumanne?"

"Jumanne."

"Kwa hiyo jana, nilipokuja na kile cha themanini na nane..." Hakumaliza. Mama Taa hakumsaidia kumaliza, kwa sababu hapakuwa na msaada.

"Mwaka mmoja, binti," mkuu aliingilia. "Na ufadhili tutautafuta. Unasemaje?"

"Mwaka mmoja wa kufanya nini?" Sisimizi aliuliza, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne sauti yake ilijaa chumba. "Mimi nilikuja hapa nina macho, mzee. Nilikiona kitu hiki kwa macho yangu, nikakipima mara mbili, nikakiandika. Kisha nikaambiwa sioni, nikakubali. Asubuhi hii mlipokuwa mnabishana kule juu, mimi nilikuwa upande wenu! Mashine ikinionyesha mlima, sasa nageuka kwanza kumtafuta mtu wa kuniambia kama ni mlima. Nitapima nini mimi na macho hayo?"

Fundi alikuwa ameinamia skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Binti alivua koti la baridi, lile alilopewa, akalikunja vizuri akaliweka juu ya kiti. Kisha akatoa kwenye bahasha fomu ya kujiondoa masomoni, ambayo masjala walimpa Jumanne pamoja na nyingine, akaijaza juu ya meza ya chuma, akamkabidhi karani.

"Mwanangu," Mama Taa alisema.

"Hapana, Profesa." Hakuwahi kumwita hivyo ana kwa ana. "Najua utaandika. Naona usoni kwako utaandika leo leo. Ninakuomba kitu kimoja. Usiandike jina langu. Sitaki libaki hapo miaka yote, karibu na lako."

Akafunua pazia akatoka, na pazia likarudi mahali pake.

Mama Taa aliandika alasiri ile ile. Mkuu alimpigia simu mara nne, mumewe mara mbili, hakupokea. Sehemu ya kosa ilikuwa rahisi, aya tatu na mchoro wa kifuniko cha kalamu. Aliposimama ni pale pa kusema nani aliyeligundua. Akiandika jina, angekuwa hajamsikiliza yule binti mara ya pili. Asipoandika chochote, sifa ingebaki kwake. Mwishowe akaandika: *Kosa hili liligunduliwa na mwanafunzi wangu, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu. Aliniambia siku hiyo hiyo. Nilimcheka mbele za watu, na nikaendelea kumlaumu kwa miezi minane.* Akaisoma, akaona si lugha ya majarida, akaiacha kama ilivyo, akatuma.

Uprofesa kamili haukuja. Barua ya chuo ilikuwa ya mistari miwili. Mdogo wake alipiga kelele kwenye simu, kisha akalia, kisha akauliza kama kitambaa kinaweza kurudishwa. Hayo Mama Taa aliyatarajia na aliyabeba.

Asiloliweza ni hili. Masahihisho yalitoka baada ya miezi miwili, nusu ukurasa. Mhariri alikuwa ameondoa sentensi zote za mwanafunzi. Maelezo yake yalisema kwa adabu kwamba mambo hayo ni ya kibinafsi na hayahusu vipimo. Mahali pa sentensi hizo palisomeka kwamba mwandishi mwenyewe amegundua dosari katika kazi yake ya zamani na ameona ni wajibu wake kuitangaza. Mama Taa akaandika kuomba zirudishwe. Akajibiwa kwamba toleo limeshafungwa.

Na barua zikaanza kuingia, kutoka vyuo vya mbali, kutoka kwa watu aliowaheshimu ujana wake wote. Walimsifu. Waliandika kwamba wamewasomea wanafunzi wao masahihisho yale darasani ili wajifunze uaminifu ni nini. Mmoja wa wale watatu waliolaumu tanuri zao aliandika kwamba alilia. Kila mmoja Mama Taa alimjibu siku hiyo hiyo, kwa sentensi moja: si mimi niliyeligundua, ni mwanafunzi wangu, nami nilimnyamazisha.

Simu ya Sisimizi ilikuwa haipokelewi. Baadaye ikawa haipatikani.

Wa kwanza kujibu majibu yake alikuwa mzee mmoja bingwa, ambaye vitabu vyake Mama Taa alivisomea shahada ya kwanza. Aliandika mstari mmoja tu, na aliuandika kwa moyo mweupe. Alisema kwamba katika maisha yake amekutana na wanasayansi wakweli wachache, lakini mkweli ambaye pia ni mnyenyekevu kiasi cha kumpa mwanafunzi wake sifa inayomstahili yeye mwenyewe, huyo ndiye wa kwanza.